Dragon Quest: Kilobaiti 64 na Subira ya Mchezaji

Leo tuweke kando lugha za programu turudi nyuma kidogo. Wiki hii nimemaliza kucheza Dragon Quest, mchezo wa Kijapani uliotolewa na kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986 kwa mashine ya Famicom ya Nintendo. Nilikuwa na swali moja tu: je, mchezo huu ni mzuri kweli, au tunausifu kwa sababu ni mzee?

Historia kwanza. Mwaka 1982 Enix iliandaa shindano la waandishi wa michezo ya kompyuta. Kati ya washindi walikuwemo Yuji Horii, aliyekuwa akiandikia magazeti, na Koichi Nakamura, kijana wa shule ya upili. Safari ya Marekani mwaka 1983 iliwakutanisha na Wizardry, mchezo wa 1981 wa kuigiza wahusika uliokuwa gumzo kwenye kompyuta za Apple II. Horii aliupenda huo pamoja na mwenzake Ultima. Lakini michezo hiyo ilikuwa migumu. Ultima ilitaka ukariri vitufe vingi vya kibodi, kila kimoja na amri yake. Wizardry ilitaka uchore ramani mwenyewe kwenye karatasi, na mhusika wako angeweza kufa akapotea kabisa.

Sasa jiulize: utampaje mchezo wa namna hiyo mtoto mwenye Famicom, ambayo haina kibodi bali vitufe vichache tu? Tena katriji yenyewe ina kilobaiti 64 kwa kila kitu: ramani, picha, muziki, maneno na msimbo. Picha moja ya simu yako leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Jibu la Horii ndilo lililonifanya niuheshimu mchezo huu. Ukianza, uko mbele ya mfalme ndani ya chumba kilichofungwa. Kuna masanduku, mlango wenye kufuli, na ngazi. Huwezi kutoka mpaka ufungue sanduku, uchukue ufunguo, ufungue mlango, kisha ushuke ngazi, na kila tendo unalichagua kwenye menyu. Ukifika chini umeshajua amri muhimu bila kufungua kitabu cha maelezo. Ukitoka nje ya kasri unaiona ngome ya adui hapo hapo ng'ambo ya maji. Mwisho wa safari unaujua tangu mwanzo, kazi yako ni kutafuta njia ya kufika.

Na ukifa je? Mfalme anakufufua, anakulaumu kidogo, na nusu ya dhahabu yako imekwenda. Pointi zako za uzoefu hazipungui hata moja. Maana yake ni kwamba kila pambano linakusogeza mbele, hata lile ulilopigwa. Ukiwaua Slime 7, vile viumbe vya bluu vyenye umbo la tone vilivyochorwa na Akira Toriyama, umefika kiwango cha 2. Asiye na ustadi analipa kwa subira. Mvumilivu hula mbivu, na hapa methali hiyo imeandikwa ndani ya msimbo.

Waandishi wa programu watapenda zaidi namna ya kuhifadhi mchezo. Katriji ya Kijapani haikuwa na mahali pa kuandika data, kwa hiyo mfalme alikupa maneno ya siri yenye herufi 20 uyanakili kwenye karatasi. Jina lako, dhahabu, uzoefu na vifaa vyote vilibanwa humo, pamoja na biti za kuhakiki kwamba hukukosea. Herufi zilipangwa kwa mizani ya 5, 7, 5 na 3, karibu na mahadhi ya ushairi wa Kijapani, ili zishikike kichwani. Huyo ni mtu aliyemfikiria mchezaji hata alipokuwa akipanga biti. Toleo la Marekani la 1989, lililoitwa Dragon Warrior, lilitumia betri ndani ya katriji badala yake.

Haya, na kasoro? Zipo, tena si ndogo. Katika toleo la kwanza shujaa anatazama mbele daima na kutembea kama kaa, kwa hiyo ukitaka kuzungumza na mtu lazima uchague upande: kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Unapigana na adui mmoja mmoja, bila mwenzako. Kubwa kuliko zote, katikati ya mchezo hadithi inasimama na unabaki kuzunguka uwanja ule ule ukikusanya uzoefu na dhahabu. Uzoefu wenyewe unaishia 65,535, na kila aliyesoma biti 16 atatabasamu. Subira ile ile iliyomfungulia mlango mchezaji mgeni inamchosha aliyekwisha kuingia.

Hukumu yangu: kama burudani ya leo naupa 6 kati ya 10. Kama kazi ya usanifu naupa 9. Square Enix ilitoa toleo jipya la Dragon Quest I na II mwaka 2025, lenye picha za kuvutia, na asiye na muda aanze na hilo. Lakini anayeandika programu acheze la zamani, angalau saa moja. Sisi tuna gigabaiti tele, na bado tunatoa programu ambazo mtu mgeni akizifungua hajui aguse wapi, na akikosea mara moja anapoteza kazi yake yote. Mwaka 1986 kulikuwa na sababu nzuri kabisa ya kusema nafasi haitoshi kumjali mgeni. Horii na Nakamura hawakuitumia.

Wewe je, ni mchezo gani wa zamani ulikufundisha kitu kuhusu kazi yako? Nasubiri maoni yenu.