Udhibiti wa nguvu katika kinu cha nyuklia

Udhibiti wa nguvu katika kinu cha nyuklia ni kazi ya kuongoza kiasi cha joto linalozalishwa na namna linavyosambaa ndani ya moyo wa kinu. Kiini cha urani kinapopasuka hutoa nyutroni, nazo hupasua viini vingine. Fimbo zenye boroni au kadimi hufyonza nyutroni hizo: zikishushwa nguvu hupungua, zikiinuliwa huongezeka.

Jumla ya nguvu inaweza kuwa sawa huku sehemu moja ikipata joto la kuharibu fueli. Chanzo kimojawapo ni zenoni-135, mfyonzaji mkubwa wa nyutroni, inayotokana hasa na iodini-135 yenye nusumaisha ya saa 6.6. Nguvu ikishuka upande mmoja, zenoni hurundikana huko na kuishusha zaidi, huku upande wa pili ukipanda. Baada ya saa kadhaa hali hugeuka, hasa katika vinu vikubwa.

Ili kusawazisha nguvu, kinu cha aina ya CANDU-6 cha Kanada kina vyumba 14 vya maji ya kawaida, ambayo hufyonza nyutroni zaidi kuliko maji mazito yanayovizunguka. Kompyuta huongeza maji mahali nguvu ilipozidi na kuyapunguza ilipopungua.

Tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl kililipuka baada ya kuendeshwa kwa nguvu ndogo kikiwa na zenoni nyingi, fimbo nyingi zikiwa zimeinuliwa. Tangu hapo, vinu vya aina hiyo vilifanyiwa marekebisho ya fimbo na fueli.