Somo la Historia: Mahali pa Kuogelea, Ruvuvu na Kagera

Ndugu msomaji, yamkini umezoea kwamba historia ni habari za watawala na vita vyao. Leo tutaisoma mtoni, pale watoto wanapovua nguo na kujitupa majini. Kila kijiji kilicho karibu na maji kina mahali pa namna hiyo. Ukiuliza kwa nini watoto huogelea hapa, wala si pale, jibu lake mara nyingi ni habari ya mambo yaliyotokea.

Murukulazo imo katika wilaya ya Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi. Mto Ruvuvu, ambao wenzetu wa Burundi huuita Ruvubu, huingia wilayani kutoka kwao, kisha huungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo. Hapo maji huanguka kiasi cha mita 15. Hakuna mwenye akili aogeleaye karibu na Rusumo. Lakini maji yaliyotulia nayo yana hatari yake, kwa maana mamba hupenda utulivu, na kiboko hujificha kwenye mafunjo. Ndiyo sababu mahali pa kuogelea palikuwa ng'amboni mwa kivuko au pale ng'ombe wanywapo: ukingo umekanyagwa ukawa wazi, na watu wengi wanatazama. Mtoto alijifunzia hapo, amekumbatia shina la mgomba.

Wazungu walipofika waliutazama mto kwa jicho jingine. Oscar Baumann, katika mwaka wa 1892, aliifuata Ruvuvu akitafuta chanzo cha Nile. Richard Kandt alifika kwenye makutano mwaka wa 1898, akaamua kuufuata mkono wa Rwanda. Mwaka wa 1894 Count von Götzen alivuka Rusumo na kuingia Rwanda. Halafu, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi za Wajerumani, na kuanzia makutano kwenda kaskazini Kagera ikawa mpaka. Fikiri jambo hilo, ndugu. Kijana aliyepiga mbizi ukingo huu na kuibukia ukingo wa pili alikuwa amekwenda nchi nyingine bila cheti chochote!

Sasa twafika mwaka wa 1994, nami nakuomba usome polepole. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalianza mwezi wa Aprili. Maiti zilitupwa mitoni, zikashuka na Kagera, zikapita Rusumo, hata zikafika Ziwa Viktoria. Waganda walizika zaidi ya elfu kumi kando ya ziwa lao. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa hesabu ya UNHCR. Miaka mia kamili baada ya Götzen kuvuka kwenda Rwanda, umati ulivuka kuja huku. Waliwekwa Benaco, mahali palipopata jina kwa kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Hapo palikuwa na ziwa dogo la maji yaliyozuiwa. Maji ambayo yangetosha watoto kuchezea yakawa ya kunywa kwa watu wa mji mzima.

Ni mzazi gani angemruhusu mwanawe kuogelea katika Kagera mwaka ule? Hata samaki wa ziwani watu walikataa kuwala. Maiti nyingi zilikuja kwa mkono wa Rwanda; Ruvuvu hukutana nao chini tu, karibu na maporomoko. Lakini hofu haiangalii ramani. Wakimbizi wengi walirudishwa Desemba 1996. Mto ulikuwa umekwisha kujisafisha kabla ya hapo. Watu hawakusahau upesi namna hiyo.

Kagera ilileta na gugu maji pia, ambalo katika miaka ya 1990 lilifunika fukwe nyingi za Ziwa Viktoria. Wenyeji wa Biharamulo wa zamani watakumbuka kwamba ufuko wao wa ziwa hilo sasa umo Chato, mkoani Geita. Ziwa Burigi nalo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu mwaka wa 2019, basi huendi kujitupa humo upendavyo. Na pale Rusumo pamejengwa mitambo ya umeme ya megawati 80, ya Tanzania, Rwanda na Burundi, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka wa 2023. Karibu na ukuta na mifereji yake mtoto hana kazi kabisa.

Adui mmoja hana kelele, ni kichocho. Daktari Theodor Bilharz alimwona mdudu wake mjini Cairo mwaka wa 1851. Mdudu hukaa ndani ya konokono wa maji yaliyotulia, akatoka mchana jua likiwa kali, saa ileile watoto wanapopenda kuogelea, akapenya ngozi. Dawa yake, praziquantel, ipo. Lakini anayejisaidia majini humrudishia konokono mbegu, na mzunguko unaanza upya.

Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kimwulize mzee mmoja na bibi mmoja: waliogelea wapi walipokuwa wadogo, nani aliwafundisha, na ni mwaka gani waliacha kwenda. Andikeni majibu yao pamoja na jina la mahali kama wanavyolitamka wao.