The Haunting (filamu ya 1963)

The Haunting ni filamu ya kutisha ya mwaka 1963, iliyotayarishwa na kuongozwa na Mmarekani Robert Wise kwa ajili ya kampuni ya MGM. Inatokana na riwaya ya Shirley Jackson, *The Haunting of Hill House* (1959). Mswada uliandikwa na Nelson Gidding. Mtafiti anakusanya watu wachache katika jumba linalosemekana lina mizimu, akiwemo Eleanor (Julie Harris), mwanamke mpweke ambaye jumba linaanza kumvuta.

Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Ilipigwa picha Uingereza, na kuta za nje za jumba ni za Ettington Park, Warwickshire. Mzimu wenyewe hauonekani kamwe: kuna vishindo ukutani, mlango unaobonyea kana kwamba unapumua, na lenzi pana inayopinda vyumba. Mtazamaji haambiwi kama yote hayo yamo nyumbani au kichwani mwa Eleanor, na hapo ndipo ilipo nguvu ya filamu. Filamu za kutisha za Kitanzania, kama *Shumileta* ya Mussa Banzi, hufuata njia nyingine na kumweka jini mbele ya kamera. Jan de Bont aliirudia *The Haunting* mwaka 1999, akionyesha mizimu waziwazi kwa kompyuta.