Taa za gari zilizofifia: Kung'arisha ni nusu ya kazi, kinga ndiyo nusu ya pili

Na Mwandishi Wetu, Kisarawe

MADEREVA wanaosafiri usiku katika barabara za vijijini, zikiwamo za Kata ya Kurui, Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, hutegemea taa mbili tu za mbele ya gari kuwaonyesha njia, mashimo, mifugo na watembea kwa miguu. Hata hivyo, magari mengi yanayopita katika barabara hizo yana taa zilizobadilika rangi na kuwa za njano au zenye ukungu mweupe, na mwanga unaotoka ni hafifu hata kama balbu ni mpya.

Tatizo hilo lina tiba, na tiba yenyewe haihitaji mtambo wala fedha nyingi. Msasa wa maji, ndoo ya maji safi na saa moja au mbili za kazi ya mikono hutosha kuirudishia taa sehemu kubwa ya mwanga wake. Lakini mafundi na wamiliki wengi huishia njiani: huing'arisha taa ikapendeza, kisha huiacha bila kinga. Baada ya miezi michache ukungu hurudi, pengine mbaya zaidi ya ule wa kwanza.

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo, hatari yake, namna ya kuisafisha taa na namna ya kuikinga ili kazi isirudiwe kila msimu.

Si kioo, ni plastiki

Sehemu ya mbele ya taa ambayo wengi huiita kioo, kwa magari mengi ya leo si kioo. Ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, iliyogunduliwa mwaka 1953. Marekani iliruhusu taa za mbele zenye vifuniko vya plastiki mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 nchi za Ulaya nazo zikafuata. Kabla ya hapo magari yalitumia kioo halisi, kama inavyoonekana katika taa za duara za Land Rover za zamani, ambazo hazigeuki njano hata zikikaa juani miaka 40.

Viwanda viliipendelea polikaboneti kwa sababu ni nyepesi, haivunjiki kwa urahisi jiwe linaporuka, na hufinyangwa kwa umbo lolote linalolingana na sura ya gari. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: haivumilii miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua. Miale hiyo huvunja viungo vya kikemikali vilivyo juu ya uso wa plastiki, uso ukageuka njano, kisha ukapata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho.

Kwa kuutambua udhaifu huo, viwanda huipaka taa mpya utando mgumu na mwembamba unaozuia miale na mikwaruzo. Utando huo ndio unaokufa kwanza. Ukishaliwa na jua na kukwaruzwa na mchanga, plastiki iliyo chini yake hubaki uchi.

Jua na vumbi la Pwani

Kisarawe na Kibaha ziko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, na katika miezi mingine halisogei mbali sana. Aidha, sehemu kubwa ya magari yanayonunuliwa nchini ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Hufika bandarini yakiwa tayari na umri wa miaka kadhaa, na utando wa taa zake umeshaanza kuchoka.

Vumbi hukamilisha kilichobaki. Mchanga unaorushwa na gari lililo mbele hugonga taa kama msasa. Madhara makubwa zaidi hufanywa na mikono yetu wenyewe: kuifuta taa yenye vumbi kwa kitambaa kikavu ni kuisugua kwa mchanga. Desturi hiyo ya kila asubuhi hufupisha maisha ya utando pasipo mwenye gari kujua.

Hatari yake kwa hesabu

Mwaka 2018 Chama cha Magari cha Marekani (AAA) kilitoa matokeo ya vipimo vilivyoonyesha kwamba taa zilizofifia na kugeuka njano hutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Vipimo hivyo vilionyesha pia kwamba kuzisafisha huurudisha mwanga hadi karibu asilimia 70.

Maana ya tarakimu hizo barabarani ni nzito. Chukua mfano wa taa nzima inayomwezesha dereva kumwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 60. Kwa kanuni ya fizikia, mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kwa hiyo taa iliyobaki na asilimia 20 ya mwanga itamwonyesha mtu yuleyule akiwa umbali wa mita 27 hivi.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa husogea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limeshakula mita 21. Hapo hubaki mita 6 tu za kusimama, ilhali breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji kama mita 14. Kwenye barabara ya vumbi na kokoto huhitajika zaidi ya hapo. Mtu huyo atagongwa, na dereva ataapa kwamba alitokea ghafla.

Taa hiyohiyo ikisafishwa na kufikia asilimia 70 ya mwanga, mtu ataonekana umbali wa mita 50. Gari litasimama kabla ya kumfikia.

Taa yenye ukungu haimdhuru dereva wake peke yake. Mwanga unaogonga nyufa zile ndogo hutawanyika ovyo, badala ya kwenda chini na mbele hupanda juu na kuwachoma macho wanaokuja upande wa pili. Katika Barabara ya Morogoro, inayopita Kibaha na Mlandizi ikibeba malori ya mikoani na ya nchi jirani, jambo hilo ni hatari ya kila usiku. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku kucha baada ya zuio la miaka mingi, idadi ya watu wanaotegemea taa hizo imeongezeka.

Kwanza pima

Kabla ya kushika msasa, hakikisha ukungu uko nje. Mwagia taa maji safi. Ikiwa kwa muda huo inaonekana angavu, basi tatizo liko juu ya uso na msasa utafaa. Ikiwa ukungu unabaki palepale, huenda ni unyevu au vumbi lililoingia ndani kupitia mpira uliopasuka, au kiakisi mwanga kilicho nyuma ya balbu kimebabuka. Hapo kusugua nje ni kupoteza nguvu. Taa itabidi ifunguliwe na fundi au ibadilishwe.

Nyufa zinazoonekana kwa macho kama utando wa buibui ndani ya plastiki nazo haziondoki kwa msasa.

Hatua za kusafisha

Vifaa vinavyohitajika hupatikana katika maduka ya rangi za magari: msasa wa maji namba 800, 1000, 1500, 2000 na ikiwezekana 3000, tepu ya karatasi, dawa ya kung'arishia rangi ya gari, vitambaa laini na spiriti ya hospitali.

Mosi, osha taa kwa maji na sabuni mpaka chembe zote za mchanga ziondoke. Chembe moja ikibaki chini ya msasa itachora mkwaruzo mrefu.

Pili, bandika tepu ya karatasi kuizunguka taa, mistari miwili au mitatu, ili msasa usiguse rangi ya bodi.

Tatu, loweka msasa kwa dakika chache, kisha anza na namba 800 ikiwa taa imeharibika sana, au 1000 ikiwa ni ukungu mwepesi. Sugua kwa kulala, upande mmoja kwenda mwingine, huku maji yakimwagika muda wote. Maji ya mwanzo yatatoka ya njano: huo ndio utando wa zamani. Yakianza kutoka meupe kama maziwa kila mahali, umefika kwenye plastiki safi.

Nne, panda namba kwa namba. Kila unapobadilisha msasa, badilisha pia mwelekeo wa kusugua, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Usiruke namba. Taa itaonekana nyeupe na isiyopitisha mwanga, jambo linalowatisha wengi, lakini hiyo ndiyo hali inayotakiwa.

Tano, baada ya namba 2000 au 3000, pangusa, kausha, kisha sugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka taa iangaze. Ukitumia mashine, iendeshe polepole, kwani joto huiyeyusha plastiki.

Kinga, kazi inayosahaulika

Hapo ndipo wengi hukunja vifaa. Ukweli ni kwamba taa iliyong'arishwa namna hiyo haina ngozi. Utando wa kiwandani umeondolewa wote, na jua litaanza kazi yake kesho yake asubuhi.

Kinga inayodumu zaidi ni vanishi angavu ya magari yenye kigumishi, ile inayopulizwa juu ya rangi ya bodi. Anayekusudia kuitumia asing'arishe. Aishie kwenye msasa namba 1000, kwa kuwa mikwaruzo midogo huipa vanishi mahali pa kushika, na vanishi yenyewe huijaza. Taa ipanguswe kwa spiriti, ikauke, kisha vanishi ipulizwe kwa tabaka nyepesi mbili au tatu, moja ikikauka kidogo kabla ya nyingine. Tabaka nzito hutiririka na huweza kuitafuna plastiki. Kazi hiyo ifanyike mahali pa wazi pasipo vumbi, na mpulizaji avae barakoa yenye kichujio cha kemikali, kwa sababu mvuke wa kigumishi hudhuru mapafu. Vanishi ya samani za mbao haifai, kwani nyingi hugeuka njano juani.

Kinga ya pili ni karatasi angavu ya plastiki inayobandikwa, iliyotengenezwa kwa ajili ya taa. Ya rangi ya giza isitumiwe, kwani hupunguza mwanga.

Kinga ya tatu, na nafuu kuliko zote, ni nta ya magari. Haidumu zaidi ya wiki chache. Mwenye kuitumia aikubali kama ratiba, sawa na kubadilisha oili.

Njia za mkato

Dawa ya meno huondoa ukungu mwepesi kwa kuwa ina chembe za kusugua, lakini haiachi kinga yoyote. Petroli, tina na mafuta ya breki huonekana kung'arisha kwa dakika chache, ilhali vinaitafuna plastiki na kuacha nyufa. Dawa za kufukuza mbu za kujipaka hufanya vivyo hivyo.

Balbu kali nayo si tiba. Taa nyingi za halojeni zimeundwa kwa balbu ya wati 55 au 60. Ukiweka ya wati 100, joto hubabua kiakisi na plastiki na huweza kuyeyusha nyaya, huku ukungu ukiendelea kuutawanya mwanga huo mkali machoni mwa wengine.

Utunzaji wa kila siku

Taa ioshwe kwa maji kabla ya kufutwa. Gari liegeshwe kivulini panapowezekana, na utomvu wa mti au kinyesi cha ndege kiondolewe mapema. Gari linaloshinda juani siku nzima linaweza kufunikwa taa zake kwa kitambaa kinene. Baada ya kusafisha, egesha mbele ya ukuta usiku na uone kama mianga yote miwili iko katika kimo kimoja na inaelekea chini kidogo.

Waendesha bodaboda nao wazingatie hayo, kwani taa za pikipiki nyingi ni za plastiki na wao wana taa moja tu.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe na taa zinazofanya kazi. Taa iliyogeuka njano huwaka, na kwa macho ya haraka hupita kama nzima. Ni mwenye gari anayejua, kila jua linapozama, anaona umbali gani.