Upatanishi wa Umbricht (1978–1984)

Upatanishi wa Umbricht ulikuwa mazungumzo ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Uliongozwa na Victor Umbricht, mwanasheria na mwanadiplomasia wa Uswisi, ukahitimishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 na marais Daniel arap Moi wa Kenya, Julius Nyerere wa Tanzania na Milton Obote wa Uganda. Ni nadra raia wa nchi ndogo isiyoegemea upande wowote kukubaliwa na serikali tatu zilizokasirikiana, na ni nadra zaidi kazi kama hiyo kufika mwisho. Hapa unaelezwa kwa kuangalia Bungoma na Kitale, miji ya magharibi mwa Kenya ambako sehemu ya mali hiyo ilikuwa imelala chini, imepigiliwa kwenye mataruma.

Mali ya pamoja

Jumuiya iliundwa kwa mkataba wa Kampala wa tarehe 6 Juni 1967, ikaanza kazi Desemba mwaka huo. Makao yake yalikuwa Arusha, lakini uzito wake ulikuwa katika mashirika manne: reli na ndege (Nairobi), bandari (Dar es Salaam), na posta na simu (Kampala).

Kwa mtu wa Bungoma, Jumuiya ilikuwa reli kwanza. Njia kuu kutoka Nakuru hupitia Eldoret, huteremka hadi Webuye na Bungoma, kisha huvuka mpaka Malaba kuelekea Tororo na Kampala, ambako treni zilifika mwaka 1931. Kahawa na pamba ya Uganda ilipita Bungoma ikienda Mombasa; mafuta, chumvi na mitambo ilipita ikirudi. Kitale ilipata tawi lake kutoka Leseru mwaka 1926, ili kubeba mahindi ya walowezi wa Trans Nzoia. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipoanza kazi Webuye mwaka 1974, kilikuwa kando ya reli hiyohiyo. Mfanyakazi wa stesheni, mpiga simu wa posta na fundi wa njia walikuwa waajiriwa wa nchi tatu kwa pamoja, hata kama hawakuwahi kutoka wilaya zao. Hali hiyo ndiyo iliyofanya kuvunjika kwa Jumuiya kuwa kugumu kuliko kuvunjika kwa mkataba wa karatasi tupu.

Kuvunjika

Sababu zilikuwa nyingi. Tanzania na Uganda zililalamika kwamba viwanda na faida vilirundikana Kenya, na Kenya nayo ililalamika kwamba mapato ya mashirika hayakuwa yakipelekwa makao makuu inavyostahili. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Baraza la marais watatu, lililopaswa kuamua mambo makubwa, halikukutana tena.

Februari 1976 Amin alidai kwamba eneo kubwa la Kenya lilikuwa la Uganda, kwa hoja ya mpaka uliosogezwa na Waingereza mwaka 1902. Bungoma na Kitale zilikuwa ndani ya eneo hilo. Kenya ilijibu kwa ukali, na makuli wa Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda. Agosti mwaka huo nchi hizo mbili zilifikia maelewano.

Wakati serikali zikigombana, mpaka wenyewe ulikuwa na shughuli zake. Barafu iliyoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, huku mkulima wa Uganda akilipwa kidogo na bodi ya serikali yake. Kahawa ikaanza kuteremka kutoka Mlima Elgon kwa punda na kwa vichwa vya watu hadi soko la Chepkube, wilayani Bungoma. Kwa muda mfupi, mwaka 1976 na 1977, Chepkube ilijulikana Kenya nzima, na watu walijenga nyumba na kununua magari kwa magendo hayo. Wanahistoria wa Jumuiya huipita habari hii haraka, na nadhani hukosea: inaonyesha kwamba biashara kati ya majirani haikufa, ila ilihama kutoka behewani kwenda vichochoroni, ambako haikulipa ushuru kwa serikali yoyote.

Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege lilisambaratika na Kenya ikaanzisha lake. Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ilipofika katikati ya mwaka, bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, na mambo yakaishia hapo. Kila nchi ilishika kilichokuwa ndani ya mipaka yake: Kenya ikaunda shirika lake la reli Januari 1978, na Uganda, nchi isiyo na bahari, ikabaki kutegemea njia inayopita Bungoma kama mteja badala ya mwenyewe.

Mpatanishi

Benki ya Dunia ilikuwa imeyakopesha mashirika hayo kwa dhamana ya serikali zote tatu, kwa hiyo ilitaka sana suluhu, ila mdai hawezi kuwa hakimu. Uingereza ilikuwa mtawala wa jana. Uswisi haikuwahi kuwa na koloni hapa, na msimamo wake wa kutoingia vita vya wengine ulikuwa umetambuliwa na madola ya Ulaya tangu 1815. Haikuwa hata mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Ilijiunga mwaka 2002.

Umbricht hakuja kama balozi wa serikali yake. Alikuwa ameongoza idara ya fedha ya shirikisho la Uswisi, akatumikia Umoja wa Mataifa Kongo mwaka 1960 na Bangladesh baada ya vita vya uhuru wake, na pia alikuwa mkurugenzi katika kampuni kubwa ya dawa na kemikali huko Basel. Serikali tatu zilimkubali kwa pamoja, naye akaanza kazi mwaka 1978 akisaidiwa na wataalamu wa Benki ya Dunia.

Pasipoti ya Uswisi ilimfungulia mlango, lakini kilichomweka ndani ni hesabu. Kabla ya kuuliza nani apate nini, alihakikisha kila upande unakubali orodha moja ya kilichopo: injini, mabehewa, majengo, nyaya za simu, gati za bandari, pamoja na madeni. Kazi hiyo ilifanywa katika mazingira magumu mno. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, nchini Tanzania, na wawili kati ya wateja wake watatu wakawa vitani. Baada ya Amin kuanguka Aprili 1979, Uganda iliongozwa na Yusuf Lule, kisha Godfrey Binaisa, kisha tume ya kijeshi, kisha Obote, yote ndani ya muda usiofika miaka miwili, na kila mara mpatanishi alilazimika kuanza upya na mawaziri wapya. Mtu mwenye haraka angefunga mafaili. Ripoti yake aliitoa mwaka 1981.

Mkataba

Novemba 1983 marais watatu walikutana Arusha, wakakubaliana juu ya mgawo, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafunguliwa. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila nchi ilibaki na mali iliyokuwa katika ardhi yake, na aliyezidisha fungu lake alimfidia aliyepungukiwa. Uganda ndiyo iliyopungukiwa, na fidia yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 191 za Marekani. Hivyo reli ya Bungoma na tawi la Kitale vilithibitishwa kuwa mali ya Kenya.

Mkataba uliacha pia kifungu kinachozitaka nchi hizo kutafuta maeneo mapya ya ushirikiano. Kifungu hicho kilirejewa Novemba 1993 ilipoundwa tume ya kudumu ya nchi tatu, na tarehe 30 Novemba 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha.

Sehemu dhaifu zaidi ilihusu watu. Kila serikali ilichukua jukumu la kuwalipa raia wake pensheni na haki zao za utumishi. Lakini waliokaa mezani walikuwa mawaziri na wahasibu. Waliojenga na kuendesha reli hiyo hawakuwa na kiti. Nchini Tanzania maelfu ya watumishi wa zamani walifikisha madai yao mahakamani, na makubaliano ya malipo yalifikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya mwajiri wao kutoweka.