Kufuli la Pili Limo Mkononi mwa Nani?

Neno la siri la kompyuta halikuzaliwa ili kulinda siri za serikali wala fedha za benki. Lilizaliwa kwa sababu ya kugawana saa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walibuni mfumo wa CTSS ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja, kila mmoja akiwa na neno lake la siri na muda wake maalumu. Mwaka 1962 Allan Scherr, mtafiti aliyeona muda wake hautoshi, aliiagiza mashine ichapishe faili la maneno yote ya siri, nayo ikachapisha. Kufuli hilo la kwanza lilivunjwa na mwenyeji, si na mgeni.

Mabenki yalichukua njia nyingine. Mashine ya fedha ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967 ilidai vitu viwili: hati maalumu ya karatasi na namba ya siri. Nasi tumeizoea mantiki hiyo tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kwa laini na namba ya siri.

Ninapotofautiana na wengi ni pale wanapodhani kwamba ujumbe mfupi wenye namba ya uthibitisho umemaliza kazi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2016, akaunti za Telegram za wanaharakati wawili wa Urusi, Oleg Kozlovsky na Georgy Alburov, zilifunguliwa na watu wengine. Huduma ya ujumbe mfupi katika laini zao ilikuwa imezimwa. Wao waliishutumu kampuni ya simu, nayo ikakana. Telegram iliridhika na namba ile peke yake, kwani neno la siri la ziada lilikuwa hiari. Kufuli lilikuwa moja tu, na ufunguo wake ulipita kwanza mikononi mwa kampuni.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wangu, na watumishi wa umma wanaoniuliza, watumie programu inayozalisha namba ndani ya simu yenyewe, au ufunguo halisi wa kuchomekwa kwenye kompyuta. Zile namba za akiba nazo ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na vyeti vya shule, si ndani ya simu ileile.