Nyuma ya Kadi ya Porchester Terrace

Igeuze kwanza. Picha za watu za enzi ya Malkia Victoria bado zimejaa masandukuni kwa wauza vitu vya kale wa London, na mnunuzi mgeni huvutwa na sura: ndevu za bwana, gauni la bibi, pazia zito lililoning'inizwa nyuma yao. Aliyezizoea huanzia mgongoni, maana huko ndiko mpigapicha alikochapa jina lake na mahali pake pa kazi. Kadi iliyonitia safarini iliandikwa 38 Porchester Terrace, Bayswater.

Asili ya kadi hizi ni Paris. Mwaka 1854 André Disdéri alisajili njia ya kupiga picha kadhaa, mara nyingi nane, juu ya kioo kimoja, na bei ikashuka. Kila picha ilikatwa na kubandikwa kwenye kadi ya takriban sentimita 6 kwa 10. Uingereza ilizipapia baada ya Agosti 1860, John Mayall alipotoa picha za Malkia na familia yake. Watu wakawa wanazinunua na kuzipanga kwenye albamu, Malkia ukurasa huu, shangazi ukurasa wa pili.

Porchester Terrace palikuwa pa Camille Silvy, Mfaransa aliyeacha kazi ya ubalozi akashika kamera. Alianza hapo mwaka 1859 na kufunga mwaka 1868, kwa hiyo anwani peke yake inakupa miaka tisa ya kutafuta ndani yake. Umbo la kadi husaidia pia. Za miaka ya 1860 kwa kawaida ni nyembamba na pembe zake ni kali. Kadi nene za pembe za mviringo ni za baadaye. Lakini usiapie dalili moja. Studio zilitunza vioo na kuchapa upya kwa yeyote aliyetaka nakala, hivyo sura ya mwaka 1862 yaweza kuwa juu ya karatasi iliyochapwa miaka mingi baadaye.

Kisha chukua kioo cha kukuza. Karatasi ya wakati ule ilipakwa ute wa yai uliotiwa chumvi, ikalazwa juu ya maji ya dawa ya fedha, ikakaushwa, halafu ikabanwa chini ya kioo na kuanikwa juani hadi sura itokee. Ukiitazama kwa karibu utaona nyuzi za karatasi chini ya mng'ao mwembamba, na sehemu nyeupe zimegeuka rangi ya siagi. Ukiona vitone vilivyopangwa kama vya gazeti, hiyo imechapwa kwa wino mtamboni, iache.

Hayo yote hukueleza umri na uhalisi, lakini hayakuambii yule ni nani. Hapo ndipo Silvy anapowapita wenzake. Kwenye daftari zake za kila siku alibandika nakala moja ya kila picha, pamoja na namba na jina la mteja. Daftari 12 ziko National Portrait Gallery, London, zikiwa na picha zipatazo 17,000.

Humo ndimo nilimokutana na Sarah Forbes Bonetta, Septemba 1862, amevaa gauni pana la mtindo wa siku zile, amenyooka mbele ya kamera kama mtu aliyezoea kutazamwa. Alizaliwa Mwafrika wa jamii ya Wayoruba, akatekwa utotoni na jeshi la Mfalme Ghezo wa Dahomey. Mwaka 1850 alikabidhiwa kwa Kapteni Frederick Forbes awe zawadi kwa Malkia wa Uingereza. Jina la Bonetta lilitokana na meli ya kapteni huyo. Malkia akamlea kwa gharama zake. Mwezi mmoja kabla ya picha hizi Sarah alikuwa ameolewa mjini Brighton na James Davies, mfanyabiashara. Alifariki Madeira mwaka 1880. Lau daftari lisingekuwapo, mnada ungemwita mwanamke mweusi asiyejulikana, basi.

Ndiyo maana nachukia kuona albamu ikichanwa ili kadi ziuzwe mojamoja. Mchuuzi hupata zaidi kwa sura nzuri, lakini mpangilio wa kurasa ulikuwa ushahidi: nani amewekwa kando ya nani, mwandiko wa nani uko chini yake. Kwangu kadi iliyofifia yenye jina la penseli ina thamani kuliko ile safi isiyo na neno. Nawe usiandike kwa kalamu ya wino, usiibandue kwa maji, wala usiitundike mahali penye jua.

Na kama unayo ya Porchester Terrace isiyo na jina, bado kuna njia. Kurasa za Silvy zinaonekana sasa kwenye intaneti. Linganisha pazia, kiti, mshono wa mkono wa gauni, kisha uso.